Neno Moja Ukurasa wa Sitini na Moja

Morogoro, Jumapili, 8 Oktoba 1995. Asubuhi mawingu yameshuka Uluguru mpaka kwenye migomba. Huku chini hakuna upepo. Manyunyu ilipofika saa moja, robo saa tu, kisha jua kali.

Mwanangu Rehema,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako Kichangani na umesema utarudi alasiri. Ni saa tatu na dakika kumi. Nina karatasi kumi na mbili za mistari mbele yangu. Barua hii nimewahi kuianza mara nne, na kila mara niliishia kwenye salamu, kwa hiyo leo sikusalimu.

Mambo ya chandarua, sabuni na kuchemsha maji nayaacha. Una miaka kumi na tisa, na hayo wewe ndiye unayenikumbusha mimi. Nitaandika juu ya kitu kimoja kilichomo tayari ndani ya begi lako: lile daftari la jalada la kijani ulilolifunga kwenye kanga ili lisikunjike. Jana uliponiomba ulisema, "Mama, wenzangu watakwenda chuoni na kalamu tu, mimi naingia Dodoma na Uluguru nzima." Ulifurahi ukanifanya nicheke. Kisha nikaenda nyuma ya bafu nikakaa huko mpaka uliponiita.

Daftari hilo lina kosa, ukurasa wa sitini na moja. Kosa ni langu. Ndilo lililomuua mjomba wako Kibwana. Selemani hakumuua. Nimelijua hilo kwa miaka sita.

Nimeliweka hapa juu kabla sijapata nafasi ya kulizunguka. Sasa nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kuandika ripoti.

Nilianza kazi wewe hujazaliwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na timu iliyokuwa ikipima miamba ya milima yetu ilitaka karani wa kumbukumbu mwenye mwandiko mzuri na miguu ya kupanda. Mkubwa wetu watu wa mlimani walimwita Bwana Nyundo, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Yeye alipima, mimi niliandika. Alipiga jiwe, akalitazama kwa kioo chake, akaweka dira juu yake, akataja namba, nami nikairudia kwa sauti kabla ya kuiandika. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nadhani hilo nalo ni sehemu ya kosa.

Siku moja tukiwa tumepumzika nilimuuliza anachokitafuta, maana madini hakuyajali. Alikuwa ameshika kikombe cha chai ya maziwa iliyopoa kidogo, yenye utando juu. Akapuliza taratibu. Utando ukakatika vipande, vikaelea, vikasukumwa mpaka ukingoni mwa kikombe, vikajikunja pale kimoja juu ya kingine.

"Huu ukingo ni Dodoma," akasema. "Bara kuukuu, halijatikisika. Hivi vilivyojikunja ndivyo kwenu."

"Kwetu ni utando wa chai?"

"Wanaojua chai hupigania utando," akasema, akaula.

Alinieleza kwamba zamani mno, kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja mwenye mifupa, nchi ya magharibi, kuanzia Dodoma na Singida kwenda ziwani, ilikuwa pwani. Mbele ya pwani hiyo, upande wa mashariki, yalikuwepo mabara madogo, mengine si makubwa kuliko mkoa mmoja, na bahari katikati yao. Bahari zile zikaanza kufunga. Mabara madogo yakasukumwa kuelekea bara kubwa, yakaligonga moja baada ya jingine, yakapandiana. Yaliyokuwa chini yalizama kina kirefu yakapikwa huko mpaka mawe yakabadilika sura, halafu kwa muda mrefu usiosemeka yakapanda tena juu. Uluguru ni mizizi ya mgongano ule. Na chokaa iliyokuwa sakafu ya bahari ilibanwa katikati, ikawa yale marumaru meupe unayoyajua juu ya kijiji chetu. Tope lililokuwa ndani ya chokaa ndilo lililotoa mawe mekundu, rubi.

Wenzake mjini walimwambia anaota. Lakini swali lake hasa lilikuwa jingine, na alilirudia mara nyingi hata nikalizoea kama nyimbo za watoto. Je, Uluguru ilikuwa kipande cha bara kubwa lenyewe, kilichokatika kikaenda zake na baadaye kikarudishwa? Au ilikuwa nchi ngeni kabisa, iliyotoka kusikojulikana ikagota hapa ikabaki? "Nikipata mwinamo wa matabaka kila mahali, na umri wa mawe," alisema, "nitajua kama ni mtoto aliyerudi au mgeni aliyeng'ang'ania." Alihamishwa kabla hajajua. Mpaka leo mimi sijui. Labda wewe utajua.

Watu wa kijijini walitushangaa. Mjomba wako Kibwana, mdogo wangu wa pekee kwa mama, alikuja siku moja shambani tulipokuwa tunapima, na kundi la watu nyuma yake.

"Dada Mwanaidi, hebu tuambie ukweli. Mnatafuta nini?"

"Mshono," nikasema. "Mahali bara dogo liliposhonwa kwenye bara kubwa."

"Lo! Jamani sikieni!" Akageukia watu. "Dukani kanga hakuna, wake zetu wanajifunga viraka, serikali inashona milima!"

"Fundi cherehani ndiye huyo mwenye nyundo?" mwingine akauliza, na Bwana Nyundo akacheka kuliko wote. Aliyeuliza ni Selemani, rafiki wa Kibwana tangu jando. Nataka umkumbuke hivyo, akitania, kabla ya yaliyofuata.

Sasa nifike kwenye ukurasa wenyewe. Utafundishwa haya Dodoma wiki ya kwanza, lakini yasome kwangu kwanza.

Matabaka ya mwamba hayakulala sawa, yameinama, kama vitabu vilivyoegemezwa. Dira inakupa mstari wa tabaka kwa namba moja. Lakini mstari una pande mbili. Unahitaji kujua tabaka limeinamia upande upi. Bwana Nyundo alikuwa na desturi yake: alisimama akiufuata mstari kwa namna ambayo tabaka lilimwinamia mkono wa kulia, ndipo akasoma namba. Ukiijua desturi hiyo, namba moja inatosha. Kwa miaka saba niliandika namba zake na sikuhitaji kuongeza neno.

Mei 1981 aliugua homa, akaletwa mpimaji mwingine kwa siku nne. Kijana mpole, mwenye adabu. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Dada, mimi nilifundishwa kusomea kushoto. Mwamba unaniinamia mkono wa kushoto. Uandike hivyo." Nikamwambia nitaandika juu ya ukurasa. Mvua ikaanza. Nikalifunika daftari kwa koti, akaanza kutaja namba, nikaanza kuandika. Ukurasa wa sitini na moja ni marumaru yaliyo juu ya kijiji chetu, kwenye bonde la kijito. Namba iko pale, safi, mwandiko wangu mzuri. Neno "kushoto" halipo.

Usiku ule, kambini, nilifungua shajara yangu ya kila siku, hii ninayoandika tangu nikiwa shule, nikaandika: "14 Mei. Mvua kutwa. Mpimaji mpya anasomea kushoto, kinyume cha Bwana Nyundo. Nimechoka." Nilikumbuka kuandika kwamba nimechoka.

Kisha mambo yakabadilika. Ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka miaka ile kila mtu alivyosema "ruksa". Ruksa kuuza, ruksa kuagiza, mitumba ikajaa sokoni, sabuni zikarudi madukani. Mwaka 1988 timu yetu ilivunjwa, tukaambiwa tumepunguzwa. Ofisi iliuza karatasi zake kwa kilo. Nilikwenda sokoni kununua maandazi nikafungiwa kwa ripoti niliyoiandika kwa mkono wangu, mafuta yakiwa yamelowesha jina la kijiji chetu. Nilirudi ofisini siku ile ile nikalichukua daftari la kijani kabla halijafika sokoni nalo. Nilijiona nimeokoa kitu.

Kuuza mawe nako kukawa ruksa. Wanunuzi walipanda kwetu Matombo na mizani ndogo mifukoni, na kila aliyekuwa na sululu akawa mchimbaji. Kibwana akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye kile kigoda chako.

"Dada, wewe una ramani ya mlima wote ndani ya kabati, na sisi tunachimba kama kuku."

Nikamfungulia ukurasa wa sitini na moja. Nilisoma namba kama nilivyozoea kusoma namba zote, kwa mkono wa kulia. Nikamwambia: marumaru yanalalia mlimani. Chimba kutoka chini, upande wa kijito, ingia taratibu; mwamba wa juu umekalia mlima wenyewe, hautakuja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Unajua kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Alisema jiwe la kwanza zuri litakuwa shule yako.

Walichimba wawili, yeye na Selemani. Mwezi wa pili Kibwana alituma nije, kwa sababu Selemani alikuwa amegoma. Nilipanda siku ya Jumamosi na daftari kwapani. Nilimkuta Selemani amekaa nje ya shimo, sululu mapajani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nasikia umechoka kazi."

"Sijachoka. Lile jiwe la juu linatutazama. Siku hizi nikiwa ndani nasikia mchanga unashuka mgongoni, kidogo kidogo. Tuliache shimo hili, tuanzie juu."

"Jiwe haliwezi kushuka. Linalalia mlimani. Limepimwa."

"Dada, mimi naliona linalalia mtoni."

"Unachokiona ni udongo na mawe yaliyoporomoka. Mwamba wenyewe uko ndani." Nikafungua daftari, nikamwonyesha namba, nikijua kabisa kwamba hawezi kujua maana yake. Kisha nikasema kitu ambacho sijawahi kukuambia wala kukiandika mahali popote. Nikasema, "Selemani, wewe uliishia darasa la ngapi vile?"

Kibwana akacheka. Alicheka kwa ajili yangu, kuniheshimu. Selemani akainuka, akajipangusa suruali, akasema, "La tatu, dada," akaingia shimoni.

Hebu nieleze kwa nini alikuwa sahihi, usije ukadhani ilikuwa bahati. Ukichimba chini ya tabaka linalolalia mlimani, linabaki limekalia mlima. Ukichimba chini ya tabaka linalolalia kwako, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kikilizuia, na lililobaki ni kama sahani zilizolowa, zinateleza. Sisi tulikuwa tunaondoa kizuizi hicho kwa sululu kila siku, na mimi niliwaambia waendelee.

Aprili ya 1989 ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikuwepo. Sihitaji kukuandikia siku ile mwamba uliposhuka. Ninachotaka ujue ni kwamba Selemani alikuwa ametoka kumwaga karai, hatua kama ishirini, ndiyo sababu aliishi. Alichimba kwa mikono mpaka watu walipofika, na kucha zake mbili hazikuota tena.

Baada ya maziko ukoo ulikaa. Watu walikuwa wameanza kusema kwamba Kibwana alikuwa ameona jiwe kubwa asubuhi ile, na kwamba lile gogo lililoegemezwa mlangoni mwa shimo kuuzuia mwamba lilikutwa limelala pembeni. Mjomba wetu mkubwa aliniita mbele.

"Mpwa wangu, wewe ndiye mwenye kitabu. Kitabu kinasemaje? Mwamba ule ungeweza kuteleza wenyewe?"

Nikasoma. Nikasema, "Hapana. Unalalia mlimani."

"Kwa hiyo pasipo mkono wa mtu?"

"Pasipo mkono wa mtu, hapana."

Selemani alikuwa amesimama nyuma, mikono imefungwa vitambaa. "Mimi nilisema mapema. Dada alikuwepo. Aseme kama sikusema."

Nikajibu kwamba kitabu kinasema mwamba unalalia mlimani.

"Sijauliza kitabu," akasema. "Nakuuliza wewe, dada."

"Mimi na kitabu ni kitu kimoja," nikasema.

Rehema, wakati ule niliamini. Nataka unipe hilo, na baada ya hapo usinipe kitu kingine. Selemani aliondoka kijijini kabla ya jua kuchwa, watoto wakimfuata wakiita muuaji. Nawe ulikuwa mmoja wao. Sikukukataza.

Baada ya arobaini nilikaa na shajara zangu. Nilitaka kusoma siku nilizokuwa na Kibwana milimani, basi, kusikia sauti yake. Nilitafuta ile siku ya mshono na kanga. Nikapita Mei 1981. Nikasoma mistari ile ya tarehe kumi na nne, nikaisoma tena, kisha nikachukua daftari la kijani nikalifungua pembeni yake. Ilikuwa saa tano asubuhi, uko shuleni. Niligeuza kiti nikakaa nikiutazama ukuta, upande namba ilikoelekeza, nikanyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtoto anayefundishwa. Mkono wa kushoto ulielekea mtoni.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Ningeweza kwenda kwa mjomba mkubwa jioni ile. Nilijiambia nisubiri mvua ziishe. Halafu nisubiri wewe umalize mitihani ya darasa la saba. Halafu mama yake Selemani akaugua huko kijijini, nikajiambia si wakati wake kumpa mgonjwa habari nzito. Mama yule alifariki bila mwanawe. Selemani alifika mpaka barabarani kule chini, akazuiwa asipande. Alimzika mama yake kwa kusikia. Hilo mimi nililiandika kwenye shajara, na hali ya hewa, na saa.

Shajara ina maneno "nitamwambia Selemani" mara kumi na moja. Nimeyahesabu asubuhi hii kabla sijaanza kuandika.

Ile safari yetu ya Turiani kumwona baba yako kwenye mashamba ya miwa, unaikumbuka. Basi lilisimama Dumila, wauzaji wakajaa madirishani. Akaja na mafungu ya vitunguu kwenye ungo.

"Vitunguu dada, vya leo hivi, vitu..." Akaniona. Akashusha ungo. "Shikamoo dada Mwanaidi."

"Marahaba, Selemani."

"Na huyu ni Rehema? Mashallah! Kafanana na marehemu mpaka paji la uso."

Wewe ukamwambia, na basi zima likasikia, "Usinitaje kwa mdomo wako, muuaji."

Konda akaacha kuita abiria. Selemani alikutazama, na mimi nikamtazama yeye, nikaona ananisubiri. Alinisubiri kwa muda ambao ungetosha. Kisha akakuambia taratibu, "Sawa, mama," akanipakatia fungu la vitunguu, akasema, "Vya mtoto, dada," akaenda dirisha la nyuma.

Baada ya daraja ukavitupa nje. Nilikuacha uvitupe. Niliona ni afadhali umchukie yeye, maana uliyebaki naye nyumbani ni mimi.

Ni saa kumi kasoro. Nilisimama kuandika kwa muda. Nimekwenda stendi na kurudi, nitakueleza. Umerudi, unaimba huko ndani unakunja nguo. Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, kila chama kinaahidi. Naandika huku nikikuitikia.

Labda unangoja nikwambie kwamba nimepata somo. Nimepata moja dogo la kazi, nakupa: ukiandika namba, andika ulikuwa umesimama vipi. Mvua ikinyesha, iache inyeshe, uandike. Na mtu ambaye hakusoma akikwambia jiwe linamtazama, nenda ukakae pale alipokaa, ulitazame kutoka hapo. Zaidi ya hayo sina. Watu husema ukweli ukitoka moyo unapata nafasi. Mimi sioni nafasi. Mama yake Selemani amekwishazikwa. Kibwana hatasimama kesho stendi kukupa mkono kama mjomba anavyotakiwa kumsindikiza mpwa wake, na hakuna mwanamume mwingine wa tumbo la mama yangu wa kusimama badala yake. Ukoo ukijua, utasema nini? Na wewe ukijua, sijui utakuwa na nyumba ya kurudi au utakuwa na mahali tu ulipozaliwa. Nimelifikiria hili swali la Bwana Nyundo miaka yote, na nimeona kwamba hata bahari ikifunga na vipande vikagusana, vilivyopikwa havirudi kuwa vilivyokuwa. Marumaru hayarudi kuwa chokaa. Alinifundisha hivyo yeye mwenyewe, na alifurahi alipokuwa akinifundisha.

Kesho basi lako litauvuka ule mshono. Alisema uko mahali fulani baada ya Gairo, kabla ya Dodoma, na kwamba hakuna atakayeuona kwa macho. Nchi inaendelea tu, miiba na udongo mwekundu, na mtu tayari yuko juu ya bara kuukuu. Uangalie hata hivyo.

Lakini kabla ya Gairo kuna Dumila.

Mchana nilikwenda stendi kukata tiketi yangu. Wewe uko kiti namba tisa, upande wa kushoto, dirishani. Mimi niko nyuma kabisa. Nitakuambia nakusindikiza mpaka Dumila kununua nyanya, na utaniamini, kwa sababu huwa unaniamini. Barua hii nitakupa mkononi basi likishatoka mjini, nami nitakwenda kukaa kwangu. Una zaidi ya saa moja. Wewe husoma haraka. Dumila basi husimama kushoto mwa barabara, na asubuhi kivuli kiko upande huo, kwa hiyo wauzaji huja madirisha ya kushoto. Atakuja kwenye dirisha lako. Kila mara basi likipita huwa anakuja, nimeulizia.

Mimi nitashuka. Nitamwambia pale pale, mbele ya ungo wake na watu wake, kisha nitamwomba apande nami Matombo, nikaseme kwa mjomba mkubwa na kwa wote waliokaa siku ile. Anaweza kukataa. Anaweza kunipiga. Sijui nitasema nini baada ya jina lake. Wewe utakuwa umesoma. Ukitaka kushuka, shuka. Usipotaka, basi litaondoka baada ya dakika kumi na litakuwa limekuchukua, na sitakupungia mkono ili usilazimike kujibu.

Lakini najijua, na shajara inanijua zaidi. Kama basi litasimama Dumila na mimi bado nimekaa kitini, Rehema, simama uisome barua hii kwa sauti, kuanzia pale nilipoandika kwamba daftari lina kosa. Isome abiria wote wasikie, na yeye aliye dirishani asikie. Usinionee haya. Ni ruksa.

Sasa ni usiku. Ulilala saa nne na nusu, mkono mmoja juu ya begi. Niliusogeza taratibu, nikafungua kanga, nikalitoa daftari. Ukurasa wa sitini na moja, juu ya namba, nimeandika kwa wino mwekundu neno "kushoto", jina langu kamili na tarehe ya leo. Nimelisubiri likauke, nikalifunga tena kama ulivyolifunga wewe, fundo lile lile.

Mawingu yametanda, hakuna nyota. Nakwenda kulala, ni saa saba na dakika ishirini.

Mama yako,
Mwanaidi